Kuvu ya nzige haiui chonga

Wakulima wa minazi huku Likoni huniuliza: ile kuvu inayonyunyiziwa nzige, mbona tusiwapige nayo chonga, wale mbawakawa wa pembe wanaotumalizia minazi?

Kuvu ya nzige ni Metarhizium acridum, nayo ina uchaguzi mkali. Spora, yaani chembe ya uzazi ya kuvu, ikitua kwenye gamba la mdudu haitoboi papo hapo. Kwanza huonja mafuta yaliyolipaka gamba hilo. Ikikuta ya nzige au panzi, huota, ncha yake hufura na kujigandisha, kisha humwaga vimeng'enya vya kuyeyusha protini na kitini, vitu vinavyojenga gamba, huku ikisukuma mpaka iingie damuni. Kwa mbawakawa kama chonga, hata hiyo ncha huijenga kwa shida.

Nduguye Metarhizium robertsii hushambulia wadudu wa kila aina. Jenomu, yaani jeni zote, za hizi mbili zilipolinganishwa mwaka 2011, robertsii ilikutwa na jeni nyingi zaidi za vimeng'enya vya protini. Ipo pia Metarhizium majus, ambayo huko Asia na Pasifiki hutumiwa dhidi ya chonga wa kwao, Oryctes rhinoceros. Wetu ni Oryctes monoceros.

Lakini kumjua mdudu hakutoshi. Kule Kanada, utafiti wa mwaka 2001 ulionyesha kuwa makundi ya kijenetiki ya Metarhizium yalifuata makazi kuliko mdudu: ya msituni yaliota kwenye baridi, ya mashambani yalistahimili joto na jua. Mimi jambo hili hunisisimua hadi leo. Kuvu hizi huishi pia udongoni na kwenye mizizi, kwa hiyo ardhi nayo huzichuja.

Ndiyo maana nang'ang'ania kuvu za udongo wetu wa Pwani. Nachota mchanga chini ya gogo la mnazi lililooza, natia mabuu ya nondo wa nta kama chambo cha kuvu, nageuza kopo kila siku. Buu likifa namo mna kuvu, hukauka kama chaki. Nikiliweka penye unyevu, nyuzi nyeupe huchomoza kwenye maungo, kisha hugeuka kijani. Hapo ndipo naijaribu juu ya mabuu ya chonga wenyewe, kwenye joto la Mombasa.

Na ikifaulu, isipigwe kwenye makuti, kwani jua huua spora upesi. Itiwe kwenye magogo yaliyooza na marundo ya samadi, penye giza na unyevu, ambako chonga hutaga.