Mfuate mpiga dramu: namna ya kuvuka kutoka muziki mmoja hadi mwingine

Kijana akikuambia anasikiliza muziki wa kila aina, hamu yake usiitilie shaka. Lakini ukiitazama historia ya simu yake, utakuta nyimbo 40 za wiki iliyopita zina kasi ileile, besi ileile na waimbaji wanaofanana kama watoto wa tumbo moja. Hamu ipo, njia ndiyo haijapatikana. Njia ninayoiamini ni hii: usiutafute muziki kwa jina la aina yake. Shika uzi mmoja, iwe mtu, mdundo au kipande cha sauti, ufuate kokote unakokwenda.

Majina ya aina hudanganya. Andika "jazi" kwenye kisanduku cha kutafutia na utamwagiwa kazi za miaka zaidi ya 100, kuanzia piano laini ya kusindikizia usingizi hadi saksafoni inayolia kama inachinjwa. Ukikutana na moja usiyoipenda, unafunga mlango wa nyumba nzima kwa sababu ya chumba kimoja.

Kabla ya kushika uzi, rekebisha programu unayosikilizia. Programu hizi hujifunza kwa unachotenda, na unachotamani hazikijui. Wimbo uliomaliza, ulioweka akiba na ulioruka, hizo ndizo kura zako. Spotify huhesabu wimbo kuwa umesikilizwa ukifika sekunde 30, kwa hiyo mtayarishaji ana sababu nzuri ya kukuwekea utamu mapema. Muziki ambao haukutungwa kwa hesabu hiyo unaonekana unachelewa, unauruka kwenye sekunde ya 12, na programu inaandika kwamba hutaki tena kitu cha namna ile. Zima kipengele cha kuendeleza nyimbo chenyewe. Wimbo wa ugenini usikilize hadi mwisho mara ya kwanza, hata ukikuchosha. Ukitaka programu ikupendekezee, ianzishe kwa wimbo mgeni ulioupenda kidogo, usianze na kipenzi chako cha siku zote. Na kama unalala kwa sauti za mvua, washa kipindi cha faragha kwanza, la sivyo mapendekezo yako ya asubuhi yatakuwa mvua tupu.

Sasa uzi wa kwanza, mtu. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Tony Allen, mpiga dramu wa Nigeria aliyezaliwa 1940 na kufariki 2020. Anza naye akiwa na Fela Kuti kwenye bendi ya Africa 70, afrobeat ilikojengewa. Waimbaji na tarumbeta waache kando, sikiliza mikono na miguu yake tu: kila kiungo kinazungumza lake na bado wanaelewana. Ukishaizoea mikono hiyo, ifuate. Mwaka 2007 iko kwenye albamu ya The Good, the Bad & the Queen, pamoja na mwimbaji Damon Albarn wa bendi ya Blur na mpiga besi Paul Simonon wa bendi ya The Clash. Mwaka 2017 iko Blue Note, lebo ya jazi ya Marekani, ikimuenzi mpiga dramu Art Blakey, na hapo mlango wa jazi unafunguka kwa upande wa dramu. Mwaka 2018 iko na Jeff Mills, mkongwe wa tekno, muziki wa dansi wa mashine, wa Detroit, Marekani. Mwaka 2020 ikatoka albamu aliyopiga na mpiga tarumbeta Hugh Masekela. Roki ya Uingereza, jazi, tekno na tarumbeta ya Afrika Kusini, na hakuna aliyekuomba uzipende. Umefuata mikono unayoijua.

Majina ya wapigaji yanapatikana kwenye tovuti za kumbukumbu za rekodi: Discogs, iliyoanza mwaka 2000, na MusicBrainz. Tafuta albamu, shuka hadi kwenye orodha ya walioshiriki, kisha chukua majina matatu: mpiga besi, mpiga dramu na prodyuza. Mwimbaji mwache mwisho. Yeye mara nyingi hubaki kwenye muziki wake, ilhali wapigaji wa kukodiwa huzunguka kila studio. Angalia watu wawili wenye jina moja wasikuchanganye. Linganisha miaka na ala kabla ya kuamini. Na jina lisipoonekana usidhani hapakuwa na mtu. Wapigaji wa Motown, kampuni ya rekodi ya Marekani, waliojiita Funk Brothers, walipiga kwenye nyimbo zilizotamba dunia nzima kwa zaidi ya muongo bila kuandikwa kwenye majalada, hadi albamu ya mwimbaji Marvin Gaye ya 1971 ilipowataja.

Uzi wa pili ni mdundo, na hapa nataka uweke simu chini kwa sababu unahitaji mikono miwili.

Hesabu moja, mbili, tatu, nne, mara nne mfululizo bila kubadili kasi. Hayo ni mapigo 16. Usijaribu kuhesabu hadi kumi na sita. "Kumi na moja" ni neno refu kuliko pigo lenyewe, ulimi utakuangusha. Katika nne ya kwanza piga kofi kwenye moja na kwenye nne. Katika nne ya pili piga kwenye tatu. Katika nne ya tatu piga tena kwenye tatu. Katika nne ya mwisho piga kwenye moja, nyamaza, rudi mwanzo. Makofi matano kwa jumla.

Wengi hukosea kofi la nne. Makofi matatu ya mwanzo yamepishana kwa mapigo matatu matatu, mikono inazoea, kisha inapiga kofi la nne mapema kwa pigo moja. Dawa yake ni mguu. Kanyaga sakafu kila ukitamka "moja". Ukiwa sawa, ni kofi la kwanza na la tano tu yatakayokutana na mguu. Matatu ya katikati yataangukia mahali mguu haupo. Kama kofi lingine linakutana na mguu, punguza kasi uanze upya. Dakika kumi zinatosha, mradi usiwe na haraka.

Huo ndio mdundo uitwao clave wa son, muziki wa dansi wa Kuba, unaopigwa kwa vijiti viwili vya mbao. Santuri za Kuba zilipofika Kongo miaka ya 1930 na 1940 zilichangia kuzaa rumba ya Kongo, na mdundo ukaenda nazo, ukirudi katika bara ambalo mizizi yake ilitoka. Mwaka 1955 mwanamuziki Bo Diddley aliupiga kwa gitaa la umeme huko Marekani, ukaingia kwenye roki. Leo uko tele kwenye muziki wa vijana wa Nigeria na Ghana. Ukiubeba mikononi utaukuta mwenyewe mahali ambapo hakuna makala iliyokuonyesha, na hiyo ndiyo raha yake.

Ukitaka kwenda mbele zaidi, chukua nusu yake ya kwanza. Mguu uendelee kukanyaga kila "moja", mikono ipige kofi moja tu katika kila kundi la nne: kwenye nne, kisha kwenye tatu, kisha kwenye nne, kisha kwenye tatu. Sasa umeshika mdundo wa reggaeton: mguu ni dramu kubwa, mikono ni ile dramu kali inayolia "ta". Kutoka son ya zamani hadi huko hujabadilisha chochote isipokuwa makofi machache.

Kasi nayo inasaidia kidogo. Hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Katika muziki wa dansi wa mashine, house nyingi iko kati ya mapigo 120 na 130 kwa dakika, drum and bass iko karibu na 170 hadi 180. Ukipata 70 na rafiki yako akapata 140 kwa wimbo mmoja, msigombane. Mmoja wenu amehesabu pigo moja na kuacha moja.

Uzi wa tatu ni sampuli, yaani kipande cha wimbo wa zamani kilichokatwa na kupandwa kwenye wimbo mpya. Mfano wa darasani ni "Amen, Brother" ya The Winstons, ya 1969. Katikati ya wimbo bendi inanyamaza, na mpiga dramu Gregory Coleman anabaki peke yake kwa mizunguko minne (mzunguko mmoja ni hesabu ya moja hadi nne), takriban sekunde 7. Watu wa hip hop walizichukua sekunde hizo miaka ya 1980. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vijana wa Uingereza wakaziongeza kasi, wakazikatakata na kuzipanga upya, na juu yake wakajenga jungle, muziki wa dansi wa kasi. Tovuti ya WhoSampled itakuonyesha kipande kimetoka wapi na kimekwenda wapi. Sharti langu ni moja: ukifika kwenye wimbo wa asili, usikilize wote. Wengi hurukia sekunde ile maarufu, wanatikisa kichwa, wanaondoka, na wimbo mzima wa soul unabaki nyuma yao haujaguswa.

Kuupata muziki ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua utamu wake umewekwa wapi, maana kila muziki una ratiba yake.

Raga, muziki wa jadi wa India Kaskazini, huanza na alap, sehemu isiyo na ngoma, mpigaji akizitambulisha noti polepole, wakati mwingine kwa muda mrefu sana. Ngoma za tabla huingia baadaye. Anayeondoka dakika ya tatu akisema "haina mdundo" ameondoka kabla mdundo haujafika. Rumba ya Kongo ina tabia ya kukuimbia kwa upole kwanza, halafu magitaa yanafyatuka kwenye sebene. Ukiruka kwenye dakika ya kwanza umeondoka harusini kabla bibi harusi hajaingia. Nyimbo nyingi za house na tekno huanza kwa dramu tupu ili DJ apate nafasi ya kuunganisha, kwa hiyo mwanzo mkavu si udhaifu wa mtunzi.

Jazi ndiyo inayowapoteza wengi, na kosa ni kudhani kwamba solo ni fujo. Chukua wimbo wa muundo wa mizunguko 32: wazo la mizunguko 8, lilelile tena, wazo jingine la 8, kisha la kwanza linarudi. Wapigaji hutambulisha wimbo hivyo, halafu kila mmoja hupata zamu yake juu ya njia hiyohiyo, mwisho wanarudi pamoja. Wakati wa solo, endelea kuimba ule wimbo wa mwanzo kimoyomoyo. Ukifika kwenye wazo la pili utasikia besi na piano nao wamepinda kona. Ukiikosa kona, usihangaike; subiri mizunguko 32 ianze upya.

Kwa wimbo mmoja mgeni nashauri usikilizaji mara tatu, kwa siku tofauti. Mara ya kwanza usifanye lolote. Mara ya pili fuata besi pekee tangu mwanzo hadi mwisho. Mara ya tatu fuata kitu ambacho hukukigundua kabisa mwanzoni. Nyimbo tano kwa wiki zinatosha. Hamsini kwa siku ni kufagia tu.

Usihukumu muziki wowote kwa spika ya simu. Waya mnene wa gitaa la besi ukiachwa wazi hutoa sauti nene ya mitetemo 41 hivi kwa sekunde (Hz 41), na kispika kile hakina ubavu wa kusukuma hewa ya sauti hiyo. Unachosikia ni kivuli chake cha juu. Rege na dub, yaani rege iliyovuliwa sauti nyingi ikabaki besi na dramu, huumia zaidi, kwa kuwa kwao besi ndiyo inayosimulia hadithi. Nimeona watu wakiita dub "tupu" kwa sababu hiyo tu. Hedifoni ya kawaida yenye waya inatosha. Jambo jingine ni kwamba sikio hupenda chenye sauti kubwa: ukilinganisha rekodi ya 1960 na ya mwaka huu, ya mwaka huu itaonekana bora kwa sababu tu imerekodiwa kwa sauti ya juu. Washa kipengele cha kusawazisha sauti kwenye mipangilio kabla ya kutoa hukumu.

Na masikio yenyewe: kwa watoto, Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha desibeli (dB, kipimo cha ukubwa wa sauti) 75 kwa saa 40 kwa wiki, kwa watu wazima ni dB 80 kwa saa hizohizo. Kila ukiongeza dB 3, muda salama unakatika nusu. Katika dB 83, mtu mzima amebakiwa na saa 20. Hatari kubwa ni kwenye gari na barabarani, unapopandisha sauti kushinda kelele za nje; hedifoni inayoziba sikio vizuri inakusaidia kuacha sauti chini. Masikio yakivuma baada ya kusikiliza, umeshapita kiasi.

Mwisho, daftari. Karatasi ni bora kuliko programu, kwa sababu ukiishika kalamu huna wimbo mwingine unaokuita. Andika tarehe, wimbo, mwaka ulipotoka, jambo moja ulilosikia kwa masikio yako (sio "mzuri", bali "besi inanyamaza kabla ya kibwagizo"), na uzi unaokwenda mbele: jina la mtu, mdundo au sampuli. Wimbo ambao haukukuingia usiufute, uandikie "bado". Baada ya miezi miwili zirudie "bado" zote, ukianza na ule ulioukatisha mapema kuliko mingine.