Mhandisi mmoja sawa na kumi?

Kwamba mtunga programu hodari hufanya kazi ya watu kumi ni usemi wa miaka mingi. Chimbuko lake kubwa ni jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 1968 na Sackman, Erikson na Grant, ambao wala hawakuwa wakitafuta mashujaa: walitaka kujua kama kukaa mbele ya kompyuta kunashinda kupeleka kazi na kusubiri majibu. Katika kusaka hitilafu za programu, watu 12 tu walipimwa. Ile tofauti maarufu ya muda uliotumika, 28 kwa 1, ni ya wa kwanza na wa mkiani, tena wamechanganywa waliotumia lugha iliyo karibu na mashine na waliotumia lugha rahisi zaidi. Uwezo hutofautiana, ndiyo. Ila hodari akilinganishwa na mtu wa kawaida, pengo hupungua sana.