Dawa za kutuliza na za usingizi: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Mwaka 1960 kampuni ya dawa ya Roche ilianza kuuza Librium, dawa ya kutuliza ya kundi la benzodiazepini, na mwaka 1963 ikafuata Valium, yaani diazepamu, ya kundi hilo hilo. Zote mbili zilitokana na kazi ya mkemia Leo Sternbach, na zilipokewa kwa shangwe kwa sababu dawa zilizokuwapo kabla yake, za kundi la babichureti, zilikuwa zikiua kwa urahisi pale mtu alipozidisha dozi. Sifa hiyo ya usalama ilikuwa na msingi wake, lakini ilivutwa mbali kuliko ilivyostahili. Hadi leo mtu hupewa vidonge vya wiki moja baada ya msiba, akaona usingizi umerudi, kisha akaendelea kuvinunua katika duka la dawa la mtaani miaka nenda miaka rudi. Dhana zinazojadiliwa hapa ndizo zinazomfikisha huko, na baadhi yake ndizo zinazomweka hatarini siku anapotaka kuacha.

Dhana: Dawa iliyoandikwa na daktari haiwezi kumfanya mtu awe tegemezi.

Cheti cha daktari hakibadilishi namna dawa inavyofanya kazi kichwani. Ubongo una kemikali yake ya kutuliza, iitwayo GABA, na dawa za kundi la benzodiazepini (diazepamu, lorazepamu, alprazolamu, klonazepamu na nyinginezo) huiongezea kemikali hiyo nguvu. Dawa ikitumika kila siku kwa wiki kadhaa, ubongo huuzoea msaada huo na vipokezi vyake, yaani sehemu za seli zinazoipokea kemikali hiyo, hupunguza usikivu, hivyo dozi ile ile haileti tena utulivu ule ule. Dawa ikikosekana ghafla, ubongo hubaki kama gari lililoondolewa breki likiwa mteremkoni.

Mwaka 1981 Hannes Petursson na Malcolm Lader, madaktari wa magonjwa ya akili waliokuwa London, walichapisha matokeo ya kuwaachisha dawa wagonjwa waliokuwa wakimeza dozi za kawaida kabisa kwa muda mrefu. Wagonjwa hao walipata dalili za wazi za mwili kudai dawa, ingawa hawakuwa wamezidisha kidonge hata kimoja. Mwaka 1988 kamati ya usalama wa dawa ya Uingereza iliwaagiza madaktari waziandike dawa hizi kwa wiki mbili hadi nne tu. Marekani ilichelewa: ni mwaka 2020 ndipo mamlaka yake ya dawa, FDA, ilipoamuru onyo kuhusu utegemezi na hatari za kuacha ghafla liwekwe kwa dawa zote za kundi hili, tena lile onyo zito kuliko yote, linalochapishwa ndani ya fremu nyeusi.

Dhana: Anayeshindwa kuacha ni mraibu, na mraibu ni mtu wa tabia dhaifu.

Hapa yamechanganywa mambo mawili. Mraibu hutawaliwa na hamu ya dawa, huongeza dozi, huzunguka maduka na zahanati mbalimbali kuitafuta, na huendelea kuitumia hata inapomharibia kazi na nyumba. Mtegemezi wa mwili anaweza asiwe na hata moja kati ya hayo. Bibi wa miaka sabini ambaye kila usiku humeza kidonge kimoja kama alivyoelekezwa, na asiyewahi kufikiria kuongeza cha pili, si mraibu. Ila mwili wake umejipanga upya kuizunguka dawa hiyo na hauwezi kuachana nayo usiku mmoja. Kumhukumu ni kumwonea, na aibu anayotwishwa ndiyo inayomfanya aifiche dawa hata anapoulizwa na daktari.

Wapo pia wenye uraibu wa kweli. Katika pwani ya Kenya vidonge vya namna hii, hasa flunitrazepamu, hujulikana mitaani kwa jina la bugizi, na baadhi ya watumiaji wa heroini huvichanganya humo humo. Hao nao wana maradhi yanayotibika, na udhaifu wa tabia si maelezo ya ugonjwa wa mtu yeyote.

Dhana: Ukiamua kuacha, acha mara moja, arosto (mateso ya kukosa dawa) ya siku chache haiui.

Kati ya dhana zote hii ndiyo inayonitia hofu zaidi, kwa sababu mara nyingi hutekelezwa kwa nia njema. Kijana anagundua kwamba mama yake amekuwa akimeza vidonge kwa miaka kumi, anaingiwa na uchungu, anaichukua pakiti yote na kuitupa chooni. Arosto ya heroini, pamoja na mateso yake yote, kwa kawaida haimuui mtu mzima aliye na afya nyingine njema. Kukatiwa ghafla benzodiazepini, kama ilivyo kwa mlevi wa siku nyingi anayekatiwa pombe, kunaweza kuleta degedege kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na kifafa, kuchanganyikiwa, kuona visivyokuwapo, na hata kifo.

Kinachowadanganya wengi ni kwamba dalili huchelewa kulingana na aina ya dawa. Kwa lorazepamu au alprazolamu, ambazo hutoka mwilini upesi, dalili zinaweza kuanza ndani ya siku moja au mbili. Diazepamu huacha mabaki yanayoendelea kufanya kazi kwa siku nyingi, kwa hiyo mtu anaweza kupita siku kadhaa bila shida, akamshukuru Mungu kwamba yamekwisha, kumbe ndiyo kwanza yanakaribia.

Njia iliyo salama ni kupunguza dozi polepole chini ya uangalizi. Profesa Heather Ashton, aliyeendesha kliniki ya kuwaachisha watu dawa hizi mjini Newcastle kuanzia mwaka 1982 hadi 1994, aliwapunguzia wagonjwa wake takribani sehemu moja ya kumi ya dozi kila baada ya wiki moja au mbili, na hatua zikawa ndogo zaidi kadiri dozi ilivyoshuka. Mara nyingi aliwahamisha kwanza kutoka dawa ya muda mfupi kwenda diazepamu, kwa kuwa kiasi chake mwilini hushuka taratibu. Uhamisho huo unahitaji hesabu ya mtaalamu: katika jedwali lake, nusu miligramu tu ya alprazolamu inalingana na miligramu kumi za diazepamu, na anayebadilisha kwa kukisia anaweza kujidhuru.

Tuchukue mfano wa mtu anayemeza miligramu kumi za diazepamu kila usiku, yaani vidonge viwili vya miligramu tano. Kumwambia ameze kimoja badala ya viwili ni kumkatia nusu ya dozi kwa mkupuo. Hatua ya kwanza inayomfaa ni kupunguza miligramu moja tu, na ndiyo maana mfamasia anahitajika mapema, ili atafute vidonge vya miligramu mbili, au kimiminika, au aonyeshe namna ya kukigawa kidonge kwa kufuata mstari wake. Kazi yote inaweza kuchukua miezi kadhaa, na kwa wengine zaidi ya mwaka. Hatua ikiwa nzito, mgonjwa husimama kwenye dozi aliyofikia kwa wiki chache kabla ya kuendelea. Aliyewahi kupata degedege, mjamzito, na anayekunywa pombe nyingi wasijaribu nyumbani. Baadhi yao huhitaji kulazwa. Na anayetumia klonazepamu au fenobabitali kwa ajili ya kifafa asiguse dozi yake kwa sababu ya maelezo haya, kwani matibabu yake ni suala jingine.

Dhana: Nikiacha nakosa usingizi, hivyo ugonjwa wangu bado upo.

Mtu akiruka vidonge usiku mmoja au miwili hukesha akitoka jasho, moyo ukimwenda mbio, na kila sauti ikimshtua. Anahitimisha kwamba bila dawa hawezi kulala, anameza, anapona ndani ya saa moja, na ushahidi unaonekana umekamilika. Kumbe kilichotibiwa ni dalili za kukosa dawa yenyewe. Kukosa usingizi kwa aina hii huja ghafla, mara nyingi huwa kukali kuliko kule kwa mwanzo, na hufuatana na mambo ambayo hakuwa nayo kabla ya kuanza dawa, kama vile mikono kutetemeka, kuchukizwa na mwanga, au ngozi kuhisi kama inatembelewa na wadudu. Wasiwasi wa zamani, ukirudi, hurudi polepole na kwa sura ile ile ya zamani. Daktari anayeijua tofauti hii hatakimbilia kuongeza dozi.

Kwa usingizi wenyewe, tiba inayopendekezwa kwanza ni ya mazungumzo na mazoea: kuamka saa ile ile kila siku hata baada ya usiku mbaya, kupunguza muda wa kukaa kitandani bila kulala, na kutoka kitandani usingizi unapogoma. Inachosha katika wiki za mwanzo, lakini faida yake hudumu.

Dhana: Zolpidemu na wenzake hazina shida hii.

Zinayo. Hizi ni dawa za usingizi zisizo za kundi la benzodiazepini, lakini hufanya kazi kwenye vipokezi vile vile, na mwaka 2019 FDA iliziwekea pia onyo la fremu nyeusi baada ya watu kutembea, kupika na hata kuendesha gari wakiwa usingizini.

Dhana: Kidonge kimoja na bia moja si kitu.

Pombe, dawa kali za maumivu kama tramadoli na mofini, heroini, na hata methadoni, dawa inayotolewa kliniki kutibu uraibu wa heroini, zote hupunguza kasi ya kupumua zikikutana na benzodiazepini. Anayetumia methadoni awaambie wahudumu wake ukweli wote kuhusu vidonge anavyomeza.

Dhana: Mzee aliyetumia kwa miaka ishirini aachwe tu, hawezi tena kubadilika.

Kwa wazee ndiko madhara yanakoonekana zaidi: kuanguka usiku wakienda msalani, kuvunjika nyonga, na usahaulifu ambao familia huudhania uzee. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014 huko Quebec, Kanada, wazee wa miaka 65 na kuendelea waliokuwa wakitumia dawa hizi kwa muda mrefu walipewa kijitabu kilichoeleza hatari zake na kuonyesha ratiba ya kupunguza dozi hatua kwa hatua, na wakahimizwa kuzungumza na daktari au mfamasia wao. Baada ya miezi sita, asilimia 27 walikuwa wameacha kabisa, ilhali kati ya wasiopewa kijitabu walioacha ni asilimia 5, na wengine asilimia 11 ya waliokipokea walikuwa wamepunguza dozi.