Mashine na majani ya bustani kabla ya mvua za kwanza

Mbeya, Iringa na Njombe hakuna vuli na masika kama Pwani. Mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, kisha baridi ya Juni na Julai, kisha vumbi hadi Oktoba. Mashine ya kukatia majani hukaa stoo miezi yote hiyo, halafu majani huota kwa mkupuo na kila mtu humkimbilia fundi wiki ileile. Oktoba ndio mwezi wa kazi hii. Mashine nyingi zinazodaiwa kufa zina petroli iliyochacha tu.

Petroli ikikaa tangini zaidi ya mwezi, sehemu yake nyepesi inayosaidia injini kuwaka huruka, na inayobaki huacha utando wa kunata unaoziba jeti, yaani tundu jembamba la kupitishia petroli ndani ya kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Ndiyo maana injini hukohoa, huwaka sekunde chache na kuzima. Kuongeza petroli mpya juu ya ile hakutibu kitu. Chomoa kwanza waya wa plagi inayotoa cheche, toa petroli yote, fungua kibakuli cha kabureta ukisafishe, kisha pitisha upepo kwenye jeti. Usiizibue kwa waya au sindano: tundu likipanuka hata kidogo, mashine itabugia mafuta siku zote.

Tena huku juu injini tayari ina shida ya hewa. Jiji la Mbeya liko karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na injini ya kabureta hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda. Hewa ikipungua, petroli huzidi kwenye mchanganyiko, na plagi hutoka na masizi meusi makavu. Kabla ya kununua plagi nyingine, tazama filta ya hewa. Ya karatasi hugongwa taratibu itoke vumbi, haioshwi. Ikiwa nyeusi, badilisha. Ya sponji huoshwa kwa sabuni, ikikauka hupakwa oili kidogo na kukamuliwa. Masizi yakiendelea, muulize fundi jeti ndogo zaidi inayofaa injini hiyo kwa mwinuko huu. Pengo la plagi kwa kawaida ni milimita 0.7 hadi 0.8.

Oili ya injini ya mashine ndogo ya kusukuma ni karibu nusu lita, ya daraja la SAE 30 au 10W-30, na haichanganywi na petroli. Wanaozoea mashine za kubeba begani, ambazo nyingi huchanganya, hukosea hapa. Usipite alama ya juu ya kijiti cha kupimia; oili ikizidi hutoka moshi mweupe na kulowesha filta.

Kisu kinastahili muda wako kuliko vyote. Ukiinamisha mashine, upande wa kabureta na filta uwe juu, la sivyo oili itaingia humo. Zuia kisu kwa kipande cha ubao, fungua bolti, na weka alama upande uliotazama chini: bawa lililoinuka hutazama juu, na kisu kikirudishwa kichwachini hakikati. Nolea kwa tupa, mlalo wa nyuzi 30 hivi, ukifuata makali ya awali. Kisha kitundike kwenye msumari kupitia tundu la katikati. Upande unaoshuka ndio mzito. Usugue tupa mpaka kitulie sawa. Kisu kisicho sawa hutikisa mashine na kula beringi.

Sasa pita uwanjani. Okota mawe, mifupa, nyaya na matawi ya mikaratusi. Kisu kikigonga jiwe ghafla, kii ya flaiwili (gurudumu zito la injini), kipande kidogo cha chuma laini, inaweza kukatika. Muda wa cheche unahama na injini inagoma ingawa kila kitu kinaonekana kizima.

Majani yaliyobabuliwa na baridi kali, kama yanavyoonekana Makete na Mufindi, usiyachome moto. Ng'oa utambazi mmoja, yaani shina linalotambaa, ukwangue kwa ukucha: ukiwa mweupe au kijani ndani na una maji, uko hai. Kusanya makapi makavu kwa reki kabla ya mvua. Palipokanyagwa sana, choma mashimo kwa uma wa bustani, kina cha sentimita 8 hadi 10.

Mvua zikianza, ngoja. Udongo ukinata kwenye kiatu, usiingize mashine, kwa kuwa magurudumu huushindilia. Mara ya kwanza kata majani yakiwa makavu, na usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu: yakifika sentimita 9, acha 6. Nyasi za kikuyu hubeba ukijani juu tu, chini ni mashina ya kahawia. Ukizinyoa siku ya kwanza utabaki na uwanja uliokufa kwa macho. Ncha zikichanika na kupauka siku ya pili, kisu bado ni butu.

Baada ya mkato huo nyunyiza urea kilo 1 kwa kila mita za mraba 100, mvua ikiwa karibu au umwagilie mara moja, maana urea ikibaki juu ya majani huyaunguza. Penye upara panda vipande vya kikuyu vyenye vifundo viwili au vitatu, umbali wa sentimita 15 hadi 20, na mashine isipite hapo mpaka uvute kipande kidogo kigome kung'oka.