Utalii wa mazingira ni nini, na unawezekanaje Mombasa?

Si kila safari ya kwenda kuona samaki au miti ni utalii wa mazingira. Siku hizi jina hilo hubandikwa kwenye kila kitu, hata hoteli iliyoezekwa makuti huku maji yake machafu yakiishia baharini. Maana yake hasa ni hii: kutembelea mahali penye maumbile ya asili bila kupaharibu, na wenyeji wakafaidika kiasi cha kuona wenyewe haja ya kupalinda. Sharti hilo la mwisho ndilo husahaulika, na kwa Mombasa ndilo zito kuliko yote.

Sababu ni wingi wa watu. Sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 1,208,333 katika kaunti ambayo ardhi yake haizidi sana kilomita za mraba 220. Hapa hakuna pori la kuzungushia ua na kuliacha. Kila kipande cha ufuo kina mtu anayekitegemea: mvuvi, mama karanga anayengoja samaki wa kukaanga, nahodha wa mashua yenye sakafu ya kioo, mwenye hoteli. Ukipalinda mahali, kuna mtu umemkatia riziki, angalau kwa muda.

Ndiyo maana bahari iliyo mbele ya Nyali na Bamburi ilipowekwa chini ya ulinzi mwaka 1986, iligawanywa. Sehemu ndogo, kama kilomita za mraba 10, ni mbuga ya baharini: humo havuliwi samaki hata mmoja. Inayoizunguka ni hifadhi ya kilomita za mraba 200 hivi, ambako uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa. Zote mbili zinasimamiwa na Shirika la Wanyamapori, KWS. Wengi huzichanganya, na ugomvi mwingi huanzia hapo.

Mambo yenyewe yako mpakani. Wavuvi wa huku hutumia malema, mitego ya fito zilizosukwa, yenye mdomo mpana kwa nje unaozidi kuwa mwembamba kwa ndani. Samaki kama tafi akishaingia, njia ya kutoka haioni tena. Watafiti waliolinganisha mavuno walikuta malema yaliyotegwa karibu na mbuga yanapata zaidi kuliko yaliyo mbali nayo. Samaki huzaliana na kukua pasipo kusumbuliwa, kisha huvuka, maana mstari wa kwenye ramani hawaujui. Basi mbuga humlisha hata yule asiyeruhusiwa kuiingia na mtego. Ila faida hiyo huja baada ya miaka, na hasara huanza siku ile ile mtu anapoambiwa ahamishe mitego yake. Tena humfikia aliye karibu na mpaka. Aliye mbali hapati kitu. Anayewaita wavuvi wabishi bure hajafanya hesabu hiyo.

Mgeni naye ana wajibu wake. Nahodha akianza kuwamwagia samaki mkate ili wajae chini ya kioo, au akimtoa kiti cha pweza majini mpigwe naye picha, huo ni utalii tu, wa mazingira haumo. Matumbawe hayakanyagwi, hata maji yakiwa ya magotini.

Hifadhi si lazima iwe mahali palipokuwa pazuri tangu hapo. Haller Park, pale Bamburi, ilikuwa machimbo ya matumbawe ya kutengenezea saruji. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda mivinje juu ya mwamba mtupu, kisha akaleta majongoo wakayala majani makavu yaliyoanguka na kuyageuza udongo. Leo watu hulipa kiingilio kuona msitu.

Kwa upande wa mapato, mfano ulio wazi uko Gazi, kaunti jirani ya Kwale. Kina mama wa kijiji wamejenga daraja la mbao la kupita katikati ya mikoko, na mgeni hulipia kutembea juu yake. Tangu 2013, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na mikoko hiyo hiyo, yaani kijiji hulipwa kwa kuiacha isimame na kufyonza hewa hiyo, na pesa zimeingia kwenye maji ya bomba na vitabu vya shule. Anayekata mkoko wa boriti Gazi hagombani na askari wa misitu peke yake. Ana kesi na majirani wanaokinga maji kwenye bomba hilo.