Moshi Haujatoka, Kwa Hiyo Nini?

"Majaribio ya moshi yamepita, regresheni ya nini tena? Si ni yale yale, ila marefu?" Nimeulizwa tena, safari hii na msanidi programu mzoefu, kidole kikiwa tayari kwenye kitufe cha kupandisha toleo jipya la programu kwa wateja. Naandika ili atakayefuata nimtumie kiungo tu.

Ya moshi hayana maneno mengi. Toleo jipya linawaka? Mtu anaingia kwa nywila yake? Ukurasa wa malipo unafunguka? Dakika chache, basi. Likifeli, wapimaji hawaligusi, linarudi kwa waliolitengeneza. Hapo unaamua kama toleo linastahili kupimwa. Hujalipima bado.

Regresheni ina swali lake: kilichofanya kazi jana, mabadiliko ya leo yamekiharibu? Watu hudhani tofauti ni wingi. Unaweza kuwa na majaribio 20 ya regresheni na 100 ya moshi (ingawa mwenye 100 ya moshi ningependa kuonana naye). Jaribio la moshi halina habari na jana. Regresheni bila jana haipo.

Chukua Knight Capital, kampuni ya Marekani ya biashara ya hisa. Tarehe 1 Agosti 2012, kwa takriban dakika 45, mfumo wake ulirundika hisa zisizotakiwa, zikaishia kuigharimu zaidi ya dola milioni 460. Kila mtu husimulia seva moja kati ya nane iliyokosa msimbo mpya. Ni kweli, ila wanaruka mwaka 2005, na hilo ndilo linaloniudhi. Mfumo ulikuwa na kipande cha zamani cha msimbo, Power Peg, kilichoacha kutumika 2003 bila kufutwa. Mwaka 2005 hesabu iliyokuwa ikikiambia kwamba oda imetimia ilihamishwa sehemu nyingine, na hakuna aliyepima upya kama Power Peg bado inajua kusimama. Mwaka 2012 alama ya zamani iliyokuwa ikikiwasha ikapewa kazi mpya, ikakiamsha kwenye seva ile iliyosahauliwa, nacho kikatuma oda mfululizo. Seva yenyewe ilikuwa inawaka vizuri tu! Moshi usingeonekana.

Lakini niseme kweli: nani hupima kipande kisichotumika? Hata mimi huondoa majaribio ya vipengele vilivyostaafu. Kuchagua yapi yabaki kwa sehemu kubwa ni kubahatisha, hata kama vitabu huuita uchaguzi huo uchambuzi wa hatari. Ukiendesha yote, usiku hautoshi. Ukifuata msimbo uliobadilika pekee, unategemea ramani ya kipande kipi cha msimbo kinategemea kipi, na ramani hiyo ni nadra kukamilika. Halafu kuna majaribio yanayofeli leo na kupita kesho bila mtu kugusa kitu. Timu huyazoea, na siku yanaposema kweli hakuna anayesikiliza. Sina dawa yake. Huwa nayaweka karantini yakisubiri kurekebishwa, na mengine hukaa huko mpaka kipengele chenyewe kinafutwa.