R2-D2 ya mtaani haina akili bandia

Watu wakiiona R2-D2, ile roboti ya filamu za Star Wars, ya ukubwa halisi iliyoundwa na shabiki, ikipita kwenye maonyesho, ikigeuza kichwa na kulialia kwa milio yake, wengi huamini inajiendesha na kwamba aliyeiunda lazima awe injinia. Si kweli.

Aliyeiunda huwa yuko palepale katikati ya umati, ameshika rimoti. Kiufundi, mashine ile iko karibu zaidi na gari la kuchezea kuliko kompyuta inayofikiri. Mota mbili, mara nyingi za skuta au kiti cha magurudumu, hukaa kwenye nyayo za miguu ya pembeni. Moja ikizunguka kasi kuliko nyingine, roboti inakata kona. Mguu wa kati una magurudumu ya kufuata tu. Mota ya tatu hugeuza kuba la kichwani, na milio hutoka kwenye spika ndogo iliyofichwa tumboni.

Hata kwenye filamu ya kwanza ya Star Wars, ya mwaka 1977, mara nyingi aliyekuwa ndani ni mwigizaji Kenny Baker. R2-D2 ya rimoti ilisumbua sana jangwani Tunisia.

Kazi ngumu hasa ni uvumilivu: kukata plastiki au alumini, kupiga msasa, kupaka rangi, kurudia. Wengi hutumia miaka. Na wapo waliofika mbali: kwa filamu ya Star Wars ya mwaka 2015, waundaji wawili wa hobi hii waliajiriwa kuitengeneza R2-D2 yenyewe.